Jina la Tano

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa idara, gundi bado mbichi. Aljebra Dhahania haitafunguliwa muhula huu wasipopatikana wanafunzi watano. Mwisho Ijumaa, saa kumi jioni. Tuko wawili! Mimi na Kobe, ambaye hata jina lake huliandika polepole.

Somo lenyewe hutolewa mwaka mmoja, mwaka unaofuata linarukwa. Mimi niko mwaka wa nne, muhula wa mwisho. Bila Aljebra hawanipi shahada ya hisabati. Watanipa ya takwimu, kwaheri. Miaka minne nimemwambia kila aliyeniuliza kwamba nasomea hisabati, na wasiouliza pia nimewaambia.

Nina hasira.

Jumanne, 5 Machi

Kaka amepiga simu kutoka karakana yake ya friji. Nikamweleza. Akacheka mpaka nikasikia bisibisi ikianguka. "Yaani miaka minne ya hesabu, na bado hamjafika tano?" Nikakata simu. Akapiga tena, akaomba radhi, halafu akauliza kwani takwimu si hesabu hizo hizo. Nikakata tena.

Atanielewaje? Takwimu inakuambia pengine. Uthibitisho ukikamilika umekamilika, hakuna mkubwa wa kuutengua. Nilikipenda kitu hicho nikiwa na miaka kumi na mitano, na sijapata kingine nilichokipenda hivyo. Basi.

Mwenzangu wa chumba, mwanafizikia, amekubali kulichukua kama somo lake la hiari. Sharti lake: nioshe vyombo vyote mpaka mitihani. Tumefika watatu.

Jumatano, 6 Machi

Wanne! Mwalimu wa sekondari aliyerudi chuoni, tunamwita Babu ingawa arobaini hajafika. Anasema Aljebra ilimwangusha zamani na anataka kulipiza kisasi. Mungu amweke.

Bado mmoja. Nimezunguka maktaba nzima kama ombaomba. Aljebra inawatisha, wa mwaka wa tatu wakiniona wanajificha nyuma ya rafu. Hao hao! Kila mwanzo wa muhula wanajazana chumbani kwangu kutazama ile karatasi ya manila ukutani niliyochora masomo yote ya shahada na mishale yake, lipi linafungua lipi. Dada nipangie, dada nipangie. Nimewapangia watu shahada kuliko mshauri wa masomo anayelipwa kwa kazi hiyo. Shukrani ya punda kweli ni mateke.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimejua jambo, na afadhali nisingelijua.

Karani wa idara alinipa faili la zamani nitafute waliowahi kuliacha somo njiani, labda mmoja atarudi. Humo nikakuta orodha ya Hesabu za Bima ya miaka miwili iliyopita. Majina matano kamili. Manne yamepigwa chapa. La tano ni langu, limeandikwa kwa kalamu, mwandiko wa mshauri, tarehe ya siku ya mwisho.

Naikumbuka siku hiyo. Nilimwendea na fomu mkononi, nataka Aljebra. Akaniambia, binti yangu, haraka ya nini, Aljebra ipo tu, anza na Bima. Na Bima alikuwa akiifundisha yeye! Nikamuuliza karani. Akashusha sauti. Siku ile mzee alikuwa amezunguka korido tangu asubuhi akitafuta mtu wa tano, somo lake lisifungwe. "Ukatokea wewe. Nilidhani mlishaelewana."

Nikaenda kwake moja kwa moja. Alikuwa anamenya chungwa. Hata hakukana. "Lakini ulipata A, mwanangu. Ulipoteza nini?" Akanimegea kipande. Na mimi, mjinga mkubwa, nikakipokea! Nimekila kwenye ngazi huku nalia. Mtu mzima na digrii zake tatu, kanichukua kama tofali la kuzibia tundu ukutani.

Simsamehe. Naandika hapa nisije nikasahau: simsamehe.

Ijumaa, 8 Machi

Saa tano asubuhi. Hakuna mtu. Kobe anasema tusali. Nimemwambia asali yeye.

Saa nane. Nimetoka kwa mkuu wa idara. Nimebembeleza, nimepandisha sauti, nimebembeleza tena. Wanne si watano, anasema. Huo ndio uthibitisho pekee niliousikia wiki nzima.

Saa tisa na dakika arobaini na tano. Naandika haraka. Hodi ilipigwa, nikafungua. Binti wa mwaka wa pili, yule mwenye miwani iliyofungwa uzi. Tunamjua wote. Hukaa mbele na huandika mpaka kikohozi cha mhadhiri. Anataka hisabati, si kingine. Fomu yake imejaa, imebaki nafasi ya somo moja, na saini yake ameshaiweka kabla nafasi hiyo haijajazwa. Jamani! "Dada, nipangie wewe. Mshauri anasaini tu bila kusoma."

Nikaitazama manila. Saa ya Aljebra ndiyo saa ya Kalkulasi ya Tatu, huwezi kuchukua yote mawili. Na kwenye Kalkulasi ya Tatu inatoka mishale sita, niliichora mwenyewe kwa wino mwekundu. Hutolewa mara moja tu kwa mwaka. Akiikosa sasa, mwaka wa tatu wote umemfungia mlango, atakaa mwaka mzima akisubiri. Yeye alikuwa ameipa manila mgongo, anafuta miwani kwa pindo la blauzi.

Nikaandika Aljebra Dhahania. Mwandiko mzuri kabisa.

Akasoma. Akauliza, "Hili ndilo ungechukua wewe, dada? Ungekuwa mimi?"

Nikamwambia ndiyo. Na ni kweli, miaka miwili iliyopita ndilo nililolitaka. Akafurahi! Akasema atampigia mama yake amwambie kwamba safari hii amepangiwa na mtu anayejua.

Idara ni mwendo wa dakika kumi. Ameketi kitandani kwangu anafunga kamba za viatu. Kalkulasi sijaitaja. Fomu ninayo mimi, iko chini ya daftari hili, naihisi mkono ukipita juu yake. Amesimama. Anasema dada twende, tutakuta wamefunga.

Nimemwambia asubiri kidogo, kuna kitu namalizia kuandika.