Risasi Zangu Mwenyewe

Jumapili, 23 Juni 2019

Jana nilishinda kombe la Juni la klabu yetu ya kulenga shabaha. Yadi elfu moja, risasi tano, zote ndani ya inchi nne na nusu! Nimeshika kombe, jasho halijanikauka, mgeni mmoja kutoka Ohio akanipita kama mlingoti na kwenda moja kwa moja kwa mume wangu. Akamuuliza Orrin amejaza nini kwenye risasi za mkewe. Mke mwenyewe nimesimama pale pale!

Simlaumu mgeni. Ndiyo desturi ya klabu. Mtu akipiga vizuri, anaulizwa alijaza nini: baruti gani, kiasi gani, kichwa cha risasi amekizamisha kiasi gani ndani ya ganda. Swali hilo ndilo heshima yenyewe, kombe ni bati tu. Miaka kumi na tisa napiga shabaha, sijaulizwa hata mara moja. Orrin ndiye hujaza risasi zote za nyumba hii, zake na zangu.

Garini nikamwambia: kuanzia leo najaza mwenyewe. Akaendesha mpaka tukavuka daraja. Kisha akasema sawa. Sawa tu! Mwanamume huyu.

Jumanne, 2 Julai

Orrin amegawa kwa chaki meza ya kujazia risasi, kule kwenye chumba cha chini ya nyumba. Upande wangu, upande wake. Anasema hatatia mguu kwangu mpaka nimwite. Akaniachia sheria moja tu: badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikamwambia hilo nalijua. (Silijui hivyo.)

Mizani ya baruti ina kiburi kuliko mkuu wa shule ninayopikia. Ukipumua, inayumba. Imebidi nizime feni. Joto lile! Risasi ishirini kwa saa tatu — kule jikoni shuleni ningekuwa nimelisha watoto mia nne na kuosha sufuria.

Lakini ya ishirini ilipotoka, inang'aa, niliibusu. Nani ananiona?

Jumapili, 14 Julai

Aibu.

Leo klabuni risasi zangu tano zimetawanyika inchi kumi na tisa. Kumi na tisa! Shabaha zinatundikwa ukutani, kila mtu apite aone, na yangu inaonekana kama imekanyagwa na kulungu. Merle, mdogo wake Orrin, akasimama mbele ya shabaha yangu na kikombe cha kahawa. "Shemeji," akasema, "ulitia baruti au unga wa chapati za maji?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, meno tu.

Kosa ni langu. Alhamisi nilipata kundi zuri kidogo, matundu yamekaribiana, nikaingiwa na pupa. Nikabadili fataki za kitakoni mwa ganda, zile zinazowasha baruti, na papo hapo nikazamisha vichwa zaidi. Vitu viwili kwa mpigo! Sasa sijui kipi kimeniharibia. Mtu hata akivurunda hapa lazima avurunde kwa utaratibu, la sivyo hajifunzi kitu.

Orrin alijua. Nilimwona akiinamia maganda yangu matupu, akayaangalia vitako, akayarudisha. Jioni akala vipande viwili vya pai ya mapichi. Afadhali angenisema.

Jumatatu, 15 Julai

Nimerudi mwanzo. Fataki za zamani. Baruti ile ile, punje kwa punje. Nitagusa kina cha kichwa tu. Nikigusa kingine nikatike mkono.

Jumatano, 31 Julai

Nimekipata!!

Nilifika uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, vibendera vyote vimelala, hakuna hata jani linalotikisika. Makundi manne ya risasi tano tano. Kila kundi kichwa kimesogezwa nje kwa unene wa karatasi moja. La kwanza inchi nane. La pili sita. La tatu nikaliangalia kwa darubini, nikadhani zimegonga mbili tu. Nikaendesha gari mpaka kwenye shabaha nikaone kwa macho yangu. Zipo tano! Inchi tatu na robo!

Nilipiga kelele mpaka kulungu wakatoka msituni. La nne likatawanyika tena, sawa, litawanyike. Najua mlango uko wapi.

Orrin akaniuliza kulikuwaje. Nikasema kawaida tu. Acha naye alale na njaa ya kujua.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimejaza ishirini nyingine, nimerudia. Tatu na nusu. Tatu na robo. Si bahati basi. Bahati hairudi mara tatu.

Ijumaa, 30 Agosti

Kesho fainali. Asubuhi nimekuta boksi upande wangu wa chaki. Risasi hamsini, mwandiko wa Orrin: za Twila. Kumbe na yeye ana wasiwasi na zangu. Merle alikuja kurudisha msumeno, akaliona, akasema nichukue hizo, nisiliaibishe jina la nyumba mbele ya wilaya nzima.

Nililishika boksi muda mrefu. Nasema kweli, nilitamani. Inchi zile kumi na tisa bado zinaniuma.

Kisha nikalirudisha ng'ambo ya chaki. Orrin alikuwa ngazini, ameona yote.

Jumamosi, 31 Agosti

Naandika garini. Upepo ulikuwa mkorofi tangu asubuhi, vibendera vinabishana. Nilingoja. Wenzangu wameshamaliza, mimi bado nangoja. Vilipolala tu — tano, mfululizo, hata sikupumua.

Shabaha ilipoletwa, Bi. Hostetter, mpimaji wetu, akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Rekodi ya klabu ni inchi mbili nukta tisa moja. Ya Orrin, mwaka wa kumi na mbili huu, hakuna aliyeigusa. Rekodi inapotishiwa, hupima watu watatu, kila mmoja peke yake, anaandika kwenye kikaratasi na kukikunja. Bi. Hostetter ameshaandika. Katibu ameshaandika. Wa tatu ni Merle! Ameinama juu ya shabaha yangu dakika kumi sasa, na leo hana mzaha hata mmoja.

Watu wamemzunguka Orrin, wanamuuliza. Namsikia kutoka hapa. "Mimi sijui," anasema. "Wallahi sijui. Zile si zangu."

Sasa anakuja huku. Ameegemea dirisha langu. Ana kile kidaftari chake cheusi cha vipimo vya risasi, ambacho hata mimi mkewe sijawahi kukifungua, na kalamu ya risasi ameichonga.

"Twila," anasema. "Ulijaza nini?"

Nimemwambia asubiri, bado naandika. Anasubiri, kofia mkononi, juani. Kule mezani Merle anakunja kikaratasi. Chochote alichoandika, mimi nimeshaulizwa.