Ukuta wa Stendi ya Zamani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Projekti ya Historia! Mwalimu Evodius katoka kwao Bukoba mwaka jana tu, lakini anapenda habari za hapa kuliko sisi wenyewe. Kila wawili wachague mahali wanapopita kila siku, waandike palianzaje. Mimi nimechagua stendi ya zamani, njia ya Ipyana. Nimepangwa pamoja na Gwamaka. (Moyo, tulia.)

Gwamaka anasema stendi haina historia, ina vumbi. Ingekuwa stesheni ya treni, sawa, ila treni inapita huko Mbeya, sisi tuna kosta na bajaji. Nikamuuliza, na ule ukuta wa katikati ya kibanda cha abiria? Eti walijenga Wazungu ili wakae peke yao. Nilijua siyo. Nikainamia daftari langu. Mimi mbele za watu ni bure kabisa. Lakini kwenye karatasi simwogopi mtu. Ripoti hii itakuwa nzuri, naijua.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimekwenda kuchora kibanda. Kirefu, bati juu, na ukuta wa matofali umekigawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Upande wa nyuma mama anauza chai na maandazi. Upande wa mbele anakaa babu, baba yake baba. Zamani alikuwa wakala wa mabasi. Kastaafu, lakini bado anaita "Mbeya! Mbeya ya mwisho hiyo!" na hakuna aliyemtuma.

Tangu nizaliwe sijawaona hao wawili uso kwa uso. Kwetu mke hakutani na baba mkwe wake. Akimwona anakuja, anapisha. Siku hizi wengi wameacha. Mama hajaacha.

Mimi ndiye ninayezunguka na kikombe.

"Mwambie mama yako sukari imezidi!" — babu, sauti ya kufika hadi Mwaya.

"Mwambie nitapunguza kesho." — mama, chini chini.

Kesho hapunguzi. Anajua babu anaipenda hivyo hivyo.

Leo ukuta una alama ya X. Rangi nyekundu! Mama Dorothea, mtendaji wa kata, alikuja na mhandisi. Kibanda kinakarabatiwa, ukuta unavunjwa, hewa ipite, abiria waone mabasi. Jumamosi ya wiki ijayo kuna mkutano.

Mama alishika birika bila kumimina. Babu hawezi kukosa stendi, atakufa kwa upweke. Na mama hawezi kukaa anapoonekana na babu.

"Basi mimi nitarudi shambani," akasema. Kama mtu anayeongelea mvua.

Shambani! Mama, ambaye madereva wote wanamjua kwa jina, ambaye anacheka kuanzia asubuhi! Hapana.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nane Nane, shule hakuna. Nimepanda baiskeli hadi Bujonde kwa Bibi Angetile. Mama kasema ndiye anayeijua stendi tangu ikiwa uwanja mtupu.

Zamani meli ya ziwani ikishusha watu bandarini, lori liliwaleta pale, wakasubiri basi la Mbeya. Kibanda kilikuwepo. Ukuta hapana.

"Sasa wewe umekaa na gunia lako la mchele," bibi akasema, "mara baba mkwe huyo, naye anasafiri! Unafanyaje? Unakimbilia migombani. Basi linakuja, linajaa, linaondoka, wewe umechuchumaa na mtoto mgongoni!"

Alicheka hadi akashika mbavu. Kaachwa mara nyingi mpaka kondakta akambatiza Mama Migomba.

Wanawake wakachoka. Wakabeba matofali kichwani wenyewe, wakamsimamia fundi, wakasema bila ukuta hakuna mchele wao utakaopanda basi lile. Ukasimama.

Nilisema "Ndaga fijo, bibi," nikamshukuru mpaka akanifukuza. Nimerudi nikikanyaga pedali kama mwizi. Nimeipata!

Jumapili, 10 Agosti 2025

Baada ya ibada nimeandika. Ripoti lazima iwe ya Kiingereza. Kitabu cha shule kinaita desturi hii avoidance, yaani kukwepana. Neno baridi, kama vile wanachukiana. Nikaandika pembeni yake kwa Kiswahili: heshima. Hapo nikapumua.

Gwamaka alisoma yote. "Kumbe Wazungu hawamo kabisa!" Halafu akaniangalia muda. Nikadondosha kalamu.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mwalimu kaisoma darasani. Kisha kampelekea mtendaji. Mtendaji kafurahi mno! Nitaisoma mkutanoni, kwa Kiswahili. Na akisharidhika mhandisi, ukuta unaweza kubaki.

Ila — anataka picha. Babu na mama wameshikana mikono mbele ya ukuta. Mwalimu anaona ni heshima kubwa. "Sawa?" akaniuliza, na darasa zima linanitazama. Nikatikisa kichwa. Ndiyo!!

"Umemwambia ndiyo?" mama akauliza.

"Sikusema. Nilitikisa tu."

"Kichwa hicho nitakifunga kamba."

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Naandika nimekaa juu ya kreti la soda, kwenye pembe ya ukuta. Maiki imekufa, wanahangaika na waya.

Nimesoma! Mwanzo sauti ilitetemeka, nilipofika migombani ikanyooka. Watu walicheka, Bibi Angetile akasimama apigiwe vigelegele.

Ndipo mtendaji akasema, "Sasa mzee na mkwe wake, karibuni mbele!"

Babu kashusha kofia hadi puani. Nyuma ya ukuta, mama hata kikombe hakigusi.

"Jamani, mwaka huu bado mnaoneana aibu? Mkono tu!"

Maiki ilikuwa bado mkononi mwangu. Watu wote wale. Gwamaka naye.

"Shikamoo, mheshimiwa. Samahani, Alhamisi nilitikisa kichwa, nilikosea. Mama hatoki. Babu naye hageuki. Picha ndiyo hiyo hiyo, yeye huku, mwenzake kule, ukuta katikati."

"Apande juu ya bati basi mpiga picha!" mtu akapayuka. Kicheko.

Mtendaji hakucheka. "Na mama yako akibaki huko, mimi nimwambie nini mhandisi?"

"Aende akamuulize mama mwenyewe. Ila azunguke ukuta, asimwite huku mbele."

Sijui nilipata wapi hayo. Hapo ndipo maiki ikakata.

Mtendaji kamnong'oneza mhandisi. Mhandisi anazunguka sasa hivi, kapita karibu nami, harufu ya rangi. Kafika pembeni. Kavua kofia yake ngumu. Mguu mmoja huku, mmoja kule, kasimama.

"Hodi," kasema.

Mama hajaitikia. Anafuta benchi kwanza.