Maji ya Mwosha Magari

Jumatatu, 3 Machi

Niandike ukweli maana humu hakuna wa kunibishia: mtaa mzima hakuna kichwa kama changu. Shule niliiacha njiani kwa sababu walimu walikuwa wameniishia. Tairi nikiligusa tu kwa kidole najua msumari uko wapi. Bosi wangu wa gereji anasema ni domo tu. Wivu!

Ila leo nimerudi kutoka kuziba pancha, mikono myeusi, nikafungua bomba ninawe — likakohoa mara mbili, kimya. Kutoka nje, boksi la mita limepigwa kufuli. Na karatasi imebandikwa: deni la maji, uniti 195. Tumekaa fleti hii miezi miwili, watu wawili! Dada kaisoma mara tatu, halafu kaniuliza kama nafuga kiboko bafuni bila yeye kujua.

Mwenyewe hakucheka. Dada ni dobi. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni, mafurushi matatu kwa siku, hapa hapa uani. Dobi bila maji ni nini? Mtu mwenye sabuni.

Jumanne, 4 Machi

Mwenye nyumba kaja. Shati limenyooka — kalipiga pasi dada yangu huyu huyu, bure, wiki iliyopita. Kasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kupokea zawadi. Eti maji ni juu ya mpangaji, someni mkataba. Siku ya kuingia mita ilisoma 1312, leo inasoma 1507. "Nani kayanywa, kijana? Mimi?"

Nikamwambia, mzee, aliyekaa hapa kabla yetu alikuwa anaosha magari ya watu barabarani! Mpira wa maji ulikuwa unatokea dirisha hili hapa, asubuhi mpaka jioni. Mama wa ghorofa ya juu kaona kwa macho yake, mpaka viatu vyake viliharibika kwa yale madimbwi. Mzee kacheka. Eti mita haijui sura ya mtu. Inajua namba, na namba ya kuingia si mliandika nyinyi wenyewe?

Dada kajibu haraka, tuliandika ndiyo, na mdogo wangu hakosei hesabu. Mimi nikawa natafuta kiatu changu chini ya kiti. Nilikuwa nimekivaa.

Alhamisi, 6 Machi

Ndoo ishirini na mbili! Bega langu la kushoto limeshuka chini, nikitembea naonekana kama naomba radhi. Maji tunanunua nyumba ya tatu, na yule jirani anapima mpaka tone. Nimemwambia dada nitabeba hata hamsini, misuli ninayo. Kasema misuli iko mdomoni.

Mashuka hayasuuziki vizuri. Msimamizi wa vyumba wa nyumba ya wageni kapiga simu, sauti yake imesikika mpaka jikoni: wageni wanajikuna. Dada kaitikia "samahani mama" mara saba. Nilihesabu. Mwanamke yule ni mdogo kuliko dada.

Jumamosi, 8 Machi

Gari la nyumba ya wageni limekuja kuchukua mashuka. Yote, masafi na machafu. Wamepata dobi mwingine.

Dada kalikunja la mwisho taratibu, pembe kwa pembe, kampa dereva. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Machi

Kaniamsha dada, kavaa gauni la kutokea. Kumbe anajaribu la kesho. Tunakwenda ofisi ya malalamiko. Eti kakaa kawaza usiku kucha: namba ya kuingia ni sahihi, na sisi hatujatumia maji hayo, basi mbovu ni mita. "Wewe ndiye uliyeisoma. Utawaeleza, Profesa."

Huwa ananiita Profesa akitaka kunikata maneno. Leo kaniita kwa heshima.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la ofisi, daftari juu ya goti. Dada yuko ndani, mlango uko wazi, namsikia.

Karani kamweleza kwa upole tu. Mita inaweza kutolewa ikapimwe. Ikionekana mbovu, deni linafutwa. Ikionekana nzima, deni lote linabaki kwetu, na gharama ya kupima juu yake, na hakuna kurudi tena. Au kama kuna shaka na namba ya kuingia, aliyeichukua aseme leo aliipataje, wao waangalie kumbukumbu zao za miezi ya nyuma.

Dada kapiga meza! Eti shaka gani? "Mdogo wangu hana adabu, lakini muongo siye. Alipiga magoti akaisoma kwa macho yake. Leteni hiyo fomu ya kupima."

Sikupiga magoti.

Siku ile dada alikuwa kazini, kanituma mimi nikapokee funguo. Boksi la mita lilikuwa limejaa tope, suruali yangu ilikuwa mpya, na wasichana wawili wamekaa ngazini wananitazama. Nyuma ya mlango nikaikuta bili ya yule mwosha magari. Nikanakili namba kutoka hapo kwenye mkataba, nikatia sahihi kwa mbwembwe, mkia wa herufi mpaka ukingoni mwa karatasi. Ile bili ilikuwa ya Oktoba. Sisi tumeingia Januari. Kaosha magari Novemba nzima, Desemba nzima, na mimi nikaandika kwamba maji yale ni yetu.

Mita haina kosa. Nilijua tangu Jumanne mzee alipotaja 1312. Nilijua nikibeba ndoo. Nilijua Jumamosi anakunja lile shuka.

Nimesimama mara mbili, nimekaa mara mbili. Dada ananitazama kupitia mlangoni, anatabasamu, fomu iko mezani, kalamu mkononi. Anauliza leo tarehe ngapi.