Hoteli ya Kutulaza Sote Watatu

Ghorofa ya Pili,
Juu ya Duka la Dawa,
Mtaa wa Nyuma.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakusalimu kwa mikono miwili, maana mmoja hautoshi kwa hamu niliyo nayo. Mgongo unaendeleaje? Barua yako ya mwisho ilisema ukiinama kuokota kitu huna hakika kama utainuka, na mimi nikacheka kwanza, kisha nikaona aibu. Natumaini ile dawa ya kuchua imefanya kazi. Na mzee wako je, bado anaficha miwani yake mwenyewe halafu anamlaumu paka?

Sisi huku hatujambo. Mimi nimenenepa kidogo usoni, kila mtu anasema ni raha. Mume wangu naye mzima. Shangazi, bado nikiandika maneno hayo, mume wangu, kalamu inacheka yenyewe! Kila asubuhi ananifunga vifungo vya mgongoni vya gauni langu jeupe la kazini, na kila asubuhi ananiachia alama ya kidole chenye grisi ambayo hata sabuni ya unga haiitoi. Wagonjwa wanaiona. Daktari wa meno anaiona. Mimi siifuti ng'o.

Sasa baada ya salamu, naomba nikugombeze. Wewe ndiye uliyeniponza. Ni wewe uliyeandika, "Njooni mle fungate yenu huku kwetu, barabara ni laini, vilima ni vya kupanda huku mnazungumza, na hoteli zinazowapenda waendesha baiskeli zimejaa kila kona." Barabara sijui, vilima sijui, lakini hizo hoteli, Shangazi, zimenitoa jasho kabla sijapanda hata treni ya kuvuka mpaka.

Unajua sisi hatukupata fungate. Harusi ilikuwa Jumamosi, Jumatatu yake mimi nilikuwa mapokezi nikiwaambia watu wafungue mdomo wasubiri, naye alikuwa kwenye karakana yake akinyoosha spoki za watu. Kwa hiyo hii likizo ndiyo fungate yenyewe, hakuna nyingine. Nimeingoja kama mtoto anavyongoja nguo ya sikukuu. Nataka kuamka pembeni ya mume wangu bila mtu kubisha hodi akisema gurudumu limepasuka. Sitaki makubwa zaidi ya hayo.

Taabu ni Pacha.

Wewe ulimwona Pacha siku ya harusi, tulipokuja juu yake ukumbini na shela langu likanaswa kwenye mnyororo. Lakini sidhani kama ulimtazama vizuri, maana ulikuwa unalia. Nusu ya mbele ni baiskeli yake nyeusi. Nusu ya nyuma ni ile ya kwangu ya buluu, ile iliyokuwa ikikata mnyororo kila ikifika mbele ya karakana yake kana kwamba imetumwa. Akazikata, akaziunga, zikawa moja ya watu wawili. Rafiki yake mchomeleaji alimshauri aweke viungio vya nati pale katikati, ili siku ya safari ifunguke. Nani alikataa? Mimi hapa. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, "Mimi sitaki ndoa yenye nati." Akachomelea moja kwa moja. Ukumbini akasema atakayetaka kututenganisha aje na msumeno. Mkapiga vigelegele, na wewe ukiwa wa kwanza.

Basi matokeo ya vigelegele vyenu ni haya: tuna baiskeli ndefu kama kochi la sebuleni, haikunjiki, haifunguki, haiingii kwenye lifti yoyote iliyotengenezwa na binadamu. Treni imekubali kumbeba Pacha kwenye behewa la mizigo. Hoteli ndizo zinazonitesa. Na mume wangu ameapa Pacha halali nje. Hana mwenzake duniani, anasema, akiibiwa hatumpati tena dukani. Hapo nakubaliana naye, ingawa sijamwambia.

Nikaanza kupiga simu. Daktari ameniruhusu nitumie simu ya zahanati saa ya chakula, nadhani amechoka kunisikia nikipumua kwa nguvu. Nilianza na ile hoteli ya ziwani uliyoisifia. Dada wa mapokezi akasema, karibuni sana, mambo ya baiskeli kwetu hayana shida, baiskeli tunazo kwenye chumba cha mazoezi.

Nikamwambia, "Dada, hizo si hazisogei?"

"Ndiyo, bibie. Ndiyo maana haijaibiwa hata moja."

Nikakata simu taratibu, maana nimelelewa vizuri na wewe.

Hoteli ya pili ina picha ya baiskeli kwenye kila tangazo lake, inang'aa, kikapu kimejaa maua. Nikauliza hiyo inalazwa wapi usiku. Nikaambiwa hailazwi, imefungwa ukutani kwa waya, ni ya wageni kupigia picha. Ya tatu wakasema tumwache Pacha nyuma, karibu na mapipa ya taka, kuna mlinzi. Mume wangu, aliyekuwa ameniletea chakula zahanati, akaninyang'anya simu akauliza mlinzi huyo analala saa ngapi, na yule bwana, bila kufikiria, akamtajia saa.

Siku hiyo kulikuwa na mama mmoja kwenye benchi la kungojea, shavu limevimba kama ameficha chungwa, hata kuongea hawezi. Aliposikia habari ya mlinzi alicheka mpaka akalia, akashika shavu, akanionyesha kwa ishara niendelee kupiga. Kwa hiyo usifikiri siri zangu zina mipaka siku hizi. Wagonjwa wananiuliza habari za hoteli kabla hawajaniambia jino linalouma.

Nikazichambua mpaka zikabaki mbili, na hapo ndipo nilipotaka kupasuka. Ya kwanza ni ya mzee mmoja aliyekuwa mshindani wa mbio za baiskeli zamani. Ana banda linalofungwa kwa kufuli, sakafu kavu, mteremko wa kuingilia badala ya ngazi, bomba la kuoshea matope, stendi ya kutengenezea, pampu, hata kamba ya kuanikia soksi. Chai ipo tayari kabla jua halijatoka. Mume wangu alikuwa ananisomea huku sauti inatetemeka. Shangazi, sauti hiyo niliisikia mara moja tu maishani, siku aliponiomba nimuoe! Unaona, nimechanganyikiwa hata naandika kinyume. Siku aliponiomba nikubali kuolewa naye.

Nikauliza, "Na vyumba?"

Akaanza kuikunja ile karatasi ya tangazo. Nikamnyang'anya. Vitanda vya ghorofa, vya chuma, kama vya bweni la shule. Wanaume upande wa kulia wa ua, wanawake upande wa kushoto.

Nikamwambia, "Kwa hiyo Pacha atalala mzima, sisi ndio tutakatwa katikati."

Akasema eti tutaonana wakati wa chai. Wakati wa chai! Nimevuka mpaka, nimeacha kazi, nimenunua gauni la kulalia lenye utepe, nikaonane na mume wangu wakati wa chai na jasho la wanaume wengine!

Ya pili ni ya mama mmoja, nyumba ndogo ya ghorofa, na hiyo Shangazi niliipenda mpaka nikaota. Kitanda kipana, dirisha linafunguka kwenye bustani, chai inaletwa mlangoni na mleta chai anaondoka bila kuangalia. Lakini ngazi zake zimejikunja kama konokono, na stoo ni kijisehemu chini ya ngazi hizo. Mama mwenye hoteli ni mtu wa heshima, hakunidanganya. Alichukua fagio akaenda kupima nikiwa bado kwenye simu, nikasikia anavyogonga kuta. Akarudi akaniambia, "Mwanangu, inaingia nusu. Hiyo nusu nyingine italala kwenye ukumbi, na wageni watajikwaa."

Unaona mambo yalivyo? Hoteli inayojua kulaza baiskeli haijui kulaza wanandoa, na inayojua kulaza wanandoa inamtaka Pacha nusu.

Tukagombana. Ndiyo, ugomvi wetu wa kwanza, naona vibaya kukuandikia lakini nimwambie nani mwingine. Nilishuka karakanani na viatu vya kazini, nikamuuliza, "Hivi unanipenda mimi au unampenda Pacha?"

Shangazi, alifikiri! Alisimama na spana mkononi, akaangalia juu, akafikiri kama mtu aliyeulizwa saizi ya mpira wa tairi! Halafu akasema, "Lakini mke wangu, nusu ya Pacha ni wewe." Kwa siku nyingine ningeyeyuka nikaishia sakafuni. Siku hiyo nilimwambia basi hiyo nusu yangu ikampikie chakula cha jioni.

Mama mkwe alisikia, akaja kutupatanisha. Unajua upatanishi wake. Alikaa, akavua viatu, akasema yeye alipoolewa fungate yake ilikuwa kumsaidia mumewe kuhamisha makabati, na hakufa. Kisha akasema twendeni kwa miguu. Kisha akamgeukia mwanawe akamwambia, "Na wewe, mkeo akilala mbali na wewe wiki nzima akazoea, usije kunililia." Nilimpenda sana wakati huo, ingawa kwenye makabati alinikera.

Mama wa hoteli alikuwa amekubali kunishikia chumba mpaka Jumamosi jioni, baada ya hapo angempa mwingine. Jumamosi asubuhi nilienda kazini nimenuna. Nilikuwa nimeamua tukose safari, tukae hapa hapa juu ya duka la dawa tukisikia watu wanauliza bei ya dawa ya kikohozi. Niliporudi, kutoka mwanzo wa mtaa nikasikia msumeno.

Nilikimbia. Nilimkuta amempindua Pacha juu ya meza, anamkata pale pale katikati, pale tulipopigiwa vigelegele. Nikapiga ukelele.

Akasema bila kuinua kichwa, "Usipige kelele, mke wangu, mkono utayumba nikaharibu."

Nikasema, "Uliwaambia watu! Uliapa!"

"Niliwaambia atakayetaka aje na msumeno," akasema. "Nimekuja."

Nikakaa kwenye tairi la lori nikalia kama mjinga. Naye akaendelea, fundi ni fundi. Kila bomba la fremu akalitia kiungio, kipande kinaingia ndani ya kipande kingine kisha nati inakaza. Kazi hiyo alikuwa ameshaiandaa wiki nzima nyuma ya pazia la karakana, wakati mimi namnunia na kumpa ugali usio na chumvi. Alipomaliza akanifuta uso kwa kitambaa kilichokuwa na grisi kuliko mkono wake, akanipandisha nyuma, tukazunguka mtaa mzima tukipita kwenye matuta yote makusudi. Hakikulia kitu. Tuliporudi akafungua, Pacha akawa vipande viwili, akavisimamisha kimoja pembeni ya kingine pale ukutani. Vinaenea chini ya ngazi yoyote ya konokono.

Akasema, "Mchana atakuwa mmoja. Usiku atakuwa wawili, ili sisi tusiwe wawili."

Nilirudi mbio zahanati, nikapanda ngazi mbili mbili kumpigia simu mama wa hoteli kabla muda haujaisha. Alikuwa amevaa viatu vya kutoka, anakwenda sokoni, akarudi kuniandikia chumba. Tunacho, Shangazi! Kile cha dirisha la bustani!

Lakini sijaacha kukasirika, usifikiri. Kwa nini mwanamume aache mkewe apige simu nchi nzima, azomewe na vibogoyo, awe mchezo wa kuigiza wa zahanati, na jibu analo nyuma ya pazia? Nilimuuliza. Akasema hakutaka kuniahidi kabla hajajua kama chuma kitakubali. Nikamwambia siku nyingine aanze na kunong'ona.

Sasa nina ombi moja, na ni la siri. Hoteli hiyo iko mbali kidogo na kwako, lakini nakusihi, mgongo ukiruhusu, ipitie. Angalia pale chini ya ngazi kama hapavuji. Halafu panda juu, kaa kitandani, jirushe kidogo. Kama kinapiga kelele niambie mapema, nimbebeshe fundi wangu nati za ziada. Na usininunie kwamba hatulali kwako. Nakupenda, lakini ukuta wa chumba chako cha wageni naukumbuka, na kukoroma kwa mzee wako pia nakukumbuka. Tutakuja kushinda kwako Jumanne ya wiki hiyo ya fungate, na Pacha akiwa mmoja, utampanda nyuma ukitaka.

Jambo la mwisho. Nati za Pacha si za kawaida, amezichonga mwenyewe, na spana inayozifungua ni moja tu. Jana jioni alinifungua kiganja akaniwekea. Niko nayo kwenye mkoba, kando ya gauni lenye utepe. Kwa hiyo nilichokikataa mbele yenu wote nimekipata: ndoa yangu ina nati. Lakini spana ninayo mimi.

Nisalimie mzee wako, mwambie miwani iko kichwani. Nisalimie binamu yangu Mrefu na mkewe, na bibi jirani aliyenipa zawadi ya mashuka, yatafanya kazi. Mama mkwe anakusalimu, anasema makabati bado yapo. Mungu akunyooshe mgongo, akulinde barabarani na ngazini, atukutanishe tukiwa wazima wote.

Ni mimi wako nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Mke wa Fundi