Mlango Uliovuka Barabara

Mshauri mpendwa, nimekaa na jambo hili siku sita na nikikaa nalo ya saba nitapasuka, ndiyo maana nakuandikia. Nina miaka ishirini na sita, ni katibu wa chama cha wakazi katika mtaa mkongwe wa mjini, nyumba zetu zimeegemeana kuta na nyingi zimepita miaka mia, na mwenyekiti ni shangazi yangu aliyenilea tangu nina miaka minne, ndiye aliyekianzisha chama wakati watu wa mtaa huu walikuwa hawapeani hata salamu.

Utaratibu wetu ni mmoja na ndio uliotuunganisha: hakuna anayekarabati mlango wake peke yake. Mlango ukifika zamu yake unang'olewa pamoja na fremu, unalazwa juu ya meza za fundi seremala pale barabarani, na kila nyumba inaleta mtu mmoja na kipande cha msasa, tunasugua wiki nzima, na katika kule kusugua, watu waliokuwa wakipishana kama hawaonani leo wameozeshana watoto.

Mwezi huu ni zamu ya mlango wetu, ambao ni mzuri kuliko yote, nami nilikuwa nasugua ubavu wa fremu, ule unaofichwa na ukuta, nikaona alama imechongwa, duara na mistari mitatu chini yake, na alama hiyo naijua, iko kwenye kila dirisha la nyumba inayotazamana na yetu, kwa Mama Cherehani. Nikaifunika kwa gunia kabla wengine hawajasogea.

Mama Cherehani ni fundi wa nguo, mjane, na mlango wake ni mbao tupu zilizopigiliwa misumari. Miaka yote amekuwa akisema kwamba familia yao ilipohama kwa muda, babu yangu, aliyekuwa mwashi, aliachiwa nyumba aitengeneze, na waliporudi hawakuukuta mlango wao. Miaka mitatu iliyopita alilisema kikaoni, na shangazi akamjibu, "Mama Cherehani, kwani mlango una miguu, uvuke barabara wenyewe?" Watu wakacheka mpaka wakapangusa machozi. Akachukua mkoba wake akatoka, hajarudi tena. Na kwa kuwa mlango wake si wa zamani hajawahi kupewa zamu, kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda kusugua kwake.

Nilimwonyesha fundi seremala peke yake. Akapima, akasema fremu ilikatwa chini vidole vinne ili iingie kwenye ukuta wetu, ndiyo maana ua lililochongwa pale limebaki nusu. "Miguu mlango ulikuwa nayo," akasema. "Ilikatwa." Hakucheka. Akaniambia atafanya nitakachomwambia.

Shangazi nilimkuta anapiga pasi. Hakuinua uso. "Babu yako yuko kaburini, unataka nisimame mbele ya mtaa nimwite mwizi? Ukilifungua hilo, kesho kila nyumba itakagua ya mwenzake. Miaka tisa nimewakalisha watu hawa pamoja. Nyamaza, mwanangu." Akaendelea kupiga pasi mkono uleule wa shati, ambao ulikuwa umenyooka zamani.

Fremu inarudishwa Ijumaa ya wiki ijayo, plasta itapigwa, na alama itazikwa. Lakini kinachonitafuna zaidi ni daftari la kumbukumbu za vikao. Nimelisoma tena. Siku ile niliandika, "Dai la mjumbe halina msingi." Hakuna aliyetamka maneno hayo. Niliyatunga mimi, kwa sababu yalisikika vizuri na nilijiona katibu wa kweli. Nikisema, nampoteza mama pekee ninayemjua, na nikinyamaza nitaupita mlango huo kila asubuhi nikijua ni wa nani. Nifanye nini?

Katibu

*

Katibu, pole. Shangazi aliyekulea si mtu wa kuvunjiwa heshima, na sitakuambia umvunjie. Lakini jibu unalo tangu siku ulipotupa gunia juu ya ile alama. Ulichokosa ni mtu wa kukusukuma. Haya, nakusukuma.

Siku sita umezungumza na fundi, na shangazi, na mimi nisiyekujua, na sasa na wasomaji wote wa gazeti hili. Mwenye mlango anaishi ng'ambo ya barabara na ndiye pekee ambaye hajaambiwa. Huoni aibu?

Shangazi anaogopa chama kitakufa. Hofu yake si ya kijinga, amekitolea jasho. Lakini chama kinachosimama kwa sharti kwamba jirani mmoja abaki nje kimeshaanza kuoza, tena upande usioonekana. Na babu yako, hujui kama aliiba, aliuziwa na mtu, au aliuhifadhi akasahau. Usimwite lolote. Ulishaandika sentensi moja tamu isiyo ya kweli, inatosha.

Leo, mwambie fundi asiirudishe fremu ukutani. Kesho asubuhi mwambie shangazi, kwa adabu na bila kuzunguka, "Naenda kwa Mama Cherehani. Nimekuja kukuarifu. Ukipenda, twende wote." Atakununia. Mtu aliyekulea miaka ishirini na miwili hakutupi kwa ajili ya mlango, na akikununia mwezi mzima, vumilia, mwenzako amenuniwa na mtaa mzima kwa miaka mitatu.

Kisha vuka barabara. Mlete mama wa watu mpaka kwenye meza ya fundi, aione alama, aishike. Usimlilie msamaha papo hapo ili wewe upumue. Mlango ukae wapi, hilo ni lake kuamua, hata akiamua jambo litakalokuumiza. Na kikao kijacho fungua daftari, usome ile sentensi yako kwa sauti, useme ni nani aliyeitunga.

Unapokwenda kumwita, beba vipande viwili vya msasa. Kimoja ni chako. Kingine kiweke mezani mbele yake, kisha nyamaza na uanze kusugua. Akikishika au asipokishika, wewe endelea.