Uwakili wa Kumwoza Mwanahamisi

Ruiru, Jumapili baada ya alasiri

Kwa mdogo wangu Athumani,

Assalaam aleikum, wewe na wote waliokaa nawe barazani ukiifungua barua hii. Mimi ni mzima, namshukuru Mola, ila baridi ya mvua za huku imeniingia magotini, siku hizi nasali na sweta mbili. Nyinyi je? Mguu wa mama unasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilifika Msambweni, au iliishia Mombasa? Na paa la jikoni mmeliezeka, au shemeji bado anapika huku amekinga ndoo kando ya sufuria?

Najua unalotafuta humu ni neno moja tu: nimekupa uwakili wa kumwoza binti yangu au sijakupa. Neno lipo, litafika. Lakini usirukie mwisho, Athumani, nakujua wewe. Soma taratibu, maana nimeona jambo huku ambalo nisipokueleza kwanza hutanielewa.

Kazi yangu ni ileile, kutunza ukumbi wa mikutano pale hotelini Thika. Napanga viti, nachomeka vipaza sauti, nafunga mapazia, najaza maji kwenye majagi. Sasa majuzi ilibandikwa karatasi ya Kizungu mlangoni, na Mama Njeri, mama wa chai, akanijia mbio na kijiko mkononi.

"Baba Mwanahamisi, umeona tunapokea akina nani?"

"Akina nani?"

"Ajenti wenye intelijensi! Soma mwenyewe. Hao si ni wale wa kusikiliza watu wakiongea? Haiya! Mimi hata bei ya sukari sitaitaja."

Mutua, askari wa lango, akacheka. "Ajenti mwenye akili? Mimi ajenti ninayemjua ni yule wa nyumba tunazopanga Githurai, na akili yake yote iko kwenye kufuli."

Alicheka, lakini kesho yake mgeni wa kwanza alipouliza choo kiko wapi, huyohuyo Mutua alimpigia saluti. Nami sikusimama pembeni nikajifanya shujaa. Nilipanga viti vile kimyakimya kama nipo msikitini. Wakaja Waafrika, Wazungu, Wahindi, wengine na mashati hayajapigwa pasi, wamebeba mabegi na nyaya. Nikamwambia Mama Njeri, hawa majasusi mbona hawana hata viatu vya kunyatia?

Aliyetutoa gizani ni mwalimu mmoja mwanamke wa chuo kikuu pale Juja, anaitwa Mwalimu Nyambura. Alikuja kuomba chai, akaona Mama Njeri anamsukumia kikombe kwa mbali kama anayemlisha mbwa mkali.

"Mama, kwani kuna nini? Mbona mnatuogopa?"

"Mwalimu, sisi hatuna siasa," Mama Njeri akasema. "Mimi ni chai tu."

Alipoelewa tulivyoelewa, Athumani, alicheka mpaka akaketi. Kisha akatueleza kwa Kiswahili. Ajenti wanayemzungumzia wao si mtu. Ni maandishi, ni maagizo yaliyotiwa ndani ya kompyuta. Unamweleza mambo yako, unamtuma, anakwenda mwenyewe akakutana na ajenti wa mwenzako ndani ya kompyuta nyingine, wanasemezana, wanaelewana, anakurudia na jibu. Wewe umekaa unakunywa chai.

Nikamwambia, "Kumbe ni wakili. Sisi kwetu baba akiwa mbali humweka wakili, akamwozea binti yake."

"Eeh, ni huyo," akasema. "Tofauti ni kwamba wako wa huko kwenu ana moyo. Huyu wetu tunahangaika kumfundisha."

Hapo nikakukumbuka wewe, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa mezani kwangu. Siku tatu nyuma ulikuwa umenipigia simu pale ofisini. Unakumbuka ulivyosema, laini inakwaruza: "Kaka, mwana nimemuuliza habari ya Shafii, amenyamaza kimya. Kimya chake ndiyo. Andika uwakili kwa mkono wako, sheikh auone, tumalize kabla ya Ramadhani." Nami nikajibu alhamdulillahi. Nilifurahi, wallahi. Nikamtangazia hata Mutua kwamba mwanangu anaolewa na kijana mwenye duka Ukunda. Na kwa kuwa likizo nimenyimwa, ukumbi umejaa hadi mwezi uingie, niliona wewe ndiye mkono wangu huko. Karatasi nilikwisha kuinunua.

Sasa sikia nilichokiona mchana wa siku ile ya chai ya Mwalimu Nyambura.

Waliniambia nifunge mapazia yote na kuzima taa. Ukutani wakamulika picha kubwa kama mlango wa ghala. Juu ya meza ndefu kompyuta tano, zimeunganishwa kwa nyaya, na kila moja ina mwenyewe amesimama nyuma yake. Mwalimu Nyambura ana yake. Mzee mmoja profesa mwenye mvi ana yake. Mzungu mrefu aliyekuwa akiongoza akasema kila ajenti ameelezwa mambo ya bwana wake, siku zake za kazi, safari zake, anachopenda na asichopenda. Kazi waliyopewa ni kutafuta siku moja ya watu wote watano kukutana. Kisha akasema, "Tuondoe mikono." Wakatia mikono mifukoni, wote watano.

Athumani, nilisimama pale na jagi la maji nimelikumbatia. Maneno yakaanza kutokea ukutani na hakuna aliyegusa kitu. Ajenti mmoja akasema Ijumaa. Wa Mwalimu Nyambura akajibu hapana, Ijumaa bibi yangu anafundisha. Mwingine akasema basi Jumatatu, lakini si asubuhi. Wa tatu akalegeza, akasema asubuhi nitawaachia mkinipa Jumatano. Walikuwa wanabishana! Wanabembelezana, kama wazee wetu wakipanga mahari, huyu anavuta, huyu anaachia kidogo, na ukumbi wote giza na kimya, zinasikika mashine tu zikivuma kama nyuki ndani ya mzinga. Nikasema moyoni subhanallah, kiumbe wa udongo amekipa chuma ulimi. Kisha nikaogopa, nikauliza, je, hii si kufuru? Lakini nilivyowatazama wale wataalamu jinsi macho yao yalivyong'aa kama ya watoto wakiona mwezi wa Idi, woga ukanitoka. Nikasema, kama hivi ndivyo ilivyo kazi ya mikono yao, basi Aliyeiumba mikono hiyo sifa zake hazisemeki. Machozi yalinitoka gizani, sikuyafuta.

Mwisho wakabaki na siku moja, Jumanne. Wa kwanza kakubali, wa pili kakubali, wa tatu, wa nne. Ajenti wa yule profesa mwenye mvi hakujibu. Wakamuuliza. Kimya. Wakamuuliza tena. Kimya. Ndipo ajenti aliyekuwa akihesabu majibu akaandika ukutani kwa herufi kubwa, na Mwalimu Nyambura akatufasiria kwa sauti sisi wa chai tuliokuwa nyuma ya meza: "Hakuna jibu. Nimehesabu kuwa amekubali. Wote wamekubali. Kazi imekwisha."

Watu wakapiga makofi. Yule mzee akapaza sauti, "Nimekubali nini? Mimi Jumanne niko safarini! Nani amenisemea?"

Ukumbi ukacheka. Wakaanza kumtafuta mgonjwa ni nani, na mgonjwa alikuwa waya. Waya wa kompyuta ya mzee ulikuwa umechomoka, umelala sakafuni. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikaweka jagi chini, nikapiga magoti chini ya meza, nikauchomeka. Sikuwa hata nimesimama vizuri, ndugu yangu, nikaona ukuta umebadilika, na Mwalimu Nyambura akasoma:

"Hapana. Siku hiyo siwezi. Nimekuwa nikisema hapana tangu mwanzo."

Wakacheka tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Mimi sikucheka. Nilibaki vilevile nimepiga goti, mkono kwenye waya.

Mzungu yule akaeleza kwamba ajenti aliyehesabu hakukosa. Aliambiwa asipojibiwa ahesabu ni ndiyo, akafanya alivyotumwa. Mkosaji ni aliyemtuma, aliyesahau kumwambia kwamba kimya kina sababu nyingi.

Athumani, mimi na wewe tumlete Mwanahamisi hapa tumtazame. Tangu mama yake atangulie mbele ya haki amekulia nyumbani kwako, unamjua kunishinda. Huyu mtoto lini alinyamaza? Anasemezana na kuku. Anasemezana na kinu. Nilipokuja Idi iliyopita alinisimulia habari za mji mzima nikiwa nala, mpaka mama akamwambia, "We mwana, mwache baba'ko ameze!" Akipenda kitu tunajua, akikichukia jirani wanajua. Sasa huyu, kwa jambo kubwa kuliko yote ya maisha yake, ati amenyamaza kimya, na mimi mzazi wake nikasema alhamdulillahi!

Wanavyuoni wamesema kimya cha mwari ni idhini, na mimi ni nani wa kubishana nao. Nilimuuliza imamu wetu hapa baada ya Ijumaa. Alinitazama kidogo akasema, "Hiyo ni kwa mwari ambaye ni haya iliyomfunga mdomo. Wako kimemfunga nini?" Jibu liko huko kwako.

Huenda ni haya kweli, amekua. Huenda anampenda Shafii mpaka maneno yamemwisha, nami nitaona aibu kwa barua hii ndefu. Shafii simjui kwa ubaya, nilimuona mara moja, ana adabu na kazi yake ni ya halali. Lakini huenda pia waya umechomoka, Athumani. Huenda binti yangu anasema hapana tangu mwanzo na sisi tunapiga makofi.

Kwa hiyo nakuomba usimuulize umesimama mlangoni, viatu mguuni, sheikh anakungoja nje. Ingia, keti mkekani. Mwambie mama atoke kidogo, na shangazi zake wote. Mwambie, baba yako amesema uniambie kwa mdomo wako, na lolote utakalosema hakuna atakayekukasirikia. Kisha ungoje. Najua kungoja kwako ni kazi kuliko kubeba mawe. Ngoja tu. Akilia, ngoja. Akizungumza habari za kuku, ngoja, atafika.

Sasa neno lako hili hapa, umsomee sheikh:

Mimi Bakari bin Omari nimekuwakilisha wewe ndugu yangu Athumani bin Omari kwa binti yangu Mwanahamisi. Akisema ndiyo kwa ulimi wake, mwoze, na ndiyo yako ni yangu. Akisema hapana, wewe ndiye utakayekwenda kwa akina Shafii kuwaambia hapana kwa heshima, na hapana yako ni yangu vilevile. Akinyamaza, sijakuwakilisha kitu.

Nimeliandika mara mbili nisije nikakosea. Mama Njeri alinikuta nikiandika, akasema, "Huyo ajenti wako huko ana kazi." Nikamwambia anayo, lakini ana moyo.

Mbusu mama mkono kwa niaba yangu, umwambie mguu asiukalie. Shemeji mpe salamu na pole ya moshi. Muadhini wetu mwambie sauti yake naikumbuka kila alfajiri, huku spika inakoroma. Na Mwanahamisi usimpe salamu zangu mwanzoni. Mpe akishasema.

Kaka yako anayekungoja,
Bakari