Chunjua ya Waziri

Andong, 3 Septemba 1968

Baba mpendwa,
Shikamoo. Mimi na Bibi hatujambo. Babu hali wala halali kwa hasira. Unyevu ulikula pua kwenye picha ya Waziri, mhenga wetu msomi, iliyochorwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Babu akampa mchoraji wa mabango ya sinema aitengeneze. Ameturudishia Waziri mwenye pua ya mcheza filamu, bila chunjua yake ya puani!

Wazee wa ukoo wakauliza, "Huyu kijana mzuri ni nani?"

"Waziri," akasema Babu.

"Waziri wa wapi? Unywele mmoja ukikosewa, huyo ni mtu mwingine. Siku ya tambiko hatumwinamii mgeni!"

Hakuna anayekumbuka chunjua ilikaaje. Bibi akasema taratibu kwamba aliyeirithi anaoka mikate Seoul. Babu akatoka nje.

Njoo, Baba. Miaka mitatu ni mingi.
Mwanao, Sunim

Seoul, 9 Septemba

Mwanangu Sunim,
Tu wazima, Mama yako anakusalimu. Nimecheka hadi mikate ikaungua. Lakini Babu yako alisema mwokaji asikanyage kizingiti chake. Akinitaka, aniite mwenyewe. Isitoshe, Ijumaa ya wiki ijayo daktari anaikata chunjua hii. Wateja wanaitazama kuliko mikate.
Baba yako

Andong, 12 Septemba

Baba mpendwa,
Shikamoo. Usikate! Nilimsomea Babu barua yako. Akapiga kelele, "Chunjua si yake, ni ya ukoo!"

"Basi mwite," akasema Bibi.

"Simwiti mtu. Naita pua. Andika, Sunim: pua ije. Kama haiwezi kusafiri peke yake, mwenyewe aisindikize."

Nimeandika kama alivyosema. Godoro lako nimelianika.
Mwanao, Sunim

Andong, 10 Oktoba

Baba mpendwa,
Shikamoo. Natumaini ulifika Seoul salama. Wazee bado wanakusifu jinsi ulivyokaa kimya wakikupimapima pua kama wanunuzi wa ng'ombe. Siku ya tambiko wote waliinama.

Babu anasema chunjua haijakaa sawasawa, mchoraji lazima akuone tena mwezi ujao. Uje na Mama. Ulete na mikate, ile yenye maharage matamu. Anasema ni ya mchoraji.

Mchoraji alishamaliza, Baba. Amehamia Busan.
Mwanao, Sunim